Tundu Lililopindwa kwa Uzi

Harufu ilimpokea Inspekta Prisca kabla ya muuguzi. Haikuwa harufu ya kidonda peke yake, vidonda alishavizoea. Hii ilikuwa na uchachu, na kautamu fulani ka kuudhi, kama pombe iliyosahauliwa kwenye ndoo. Akajaribu kupumua kwa mdomo. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa alikuwa anaionja.

"Utazoea tu, afande," alisema Koplo Gwamaka nyuma yake. Yeye alikuwa amejipaka dawa ya kuchua puani tangu getini, na hakuona sababu ya kumgawia bosi wake.

Daktari Theophil, mpasuaji wa wilaya, alivuta pazia. Kitandani alilala Angetile, mke wa Lugano, mwenye shamba la mpunga Ngonga. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limevimba likang'aa. Katikati palikuwa na kishimo kilichotoa majimaji ya rangi ya kutu, na kuzunguka kishimo kulikuwa na alama ya kuungua. Duara safi kabisa, kama mtu kapima kwa bikari.

"Sindano naijua," alisema Prisca. "Hilo duara ni la nini?"

"Hata mimi sijui. Njoo pembeni."

Wakasimama dirishani. Daktari alitoa mfukoni boksi dogo jeupe, tupu.

"Kuna dawa inajaribiwa kwenye hospitali moja kubwa, mbali na hapa. Unaichoma kwenye uvimbe ikiwa majimaji. Ikishaingia mwilini inaganda, inakuwa jeli. Ndani yake kuna chembe za chuma, ndogo mno. Halafu unasogeza mashine ya sumaku, zile chembe zinapata moto, uvimbe unaungua hapohapo ulipo. Jeli yenyewe baadaye inayeyuka, mwili unaitoa. Hakuna kisu."

"Na mgonjwa wako kachomwa hiyo?"

"Hilo ndilo nililokuitia. Boksi alikuja nalo mumewe, na ni la kwao kweli, nimewapigia. Wanasema huenda liliibwa pamoja na dawa yake, huenda liliokotwa tupu. Hawajui." Akalikunja kwa vidole. "Sasa sikiliza. Kama ni jeli ya kweli, huku kuvimba ni moto umezidi. Kutatulia, na nikikata naharibu. Kama ni takataka, lazima niitoe leo, yote, kabla sumu haijamaliza damu yake. Nikingoja mpaka jioni nitakuwa nakata maiti."

"Huwezi kupima?"

"Nimepitisha sumaku, inavuta. Lakini zote mbili zina chuma, afande. Mimi nataka kujua hicho chuma kimekorogewa kwenye nini. Nitafutie aliyekoroga."

Prisca akarudi kitandani, akavuta kiti.

"Dada Angetile, mimi naitwa Prisca, natoka polisi. Nani alikuchoma sindano?"

"Sikumwona." Sauti ilikuwa kavu. "Nilikuwa nimejifunika. Uso, kila kitu."

"Sauti yake?"

"Hakusema na mimi. Mama mkwe ndiye alikuwa ananiambia, geuka, tulia."

"Ni mtu mrefu? Mfupi? Mgeni?"

Angetile akageuza uso ukutani. Prisca alingoja. Kilichokuja ni machozi tu, tena bila sauti.

Mumewe, Lugano, alikuwa kaegemea mlango wa wodi, macho mekundu.

"Ni Daktari Wilson," alisema. "Mmalawi. Baba ndiye alimpata. Mimi nilikuwa Itungi siku hiyo, lakini majirani walimwona akiingia kwetu na koti jeupe na begi kubwa."

"Baba yako ni nani hata apate daktari?"

"Ni Mzee Zebedayo, mwenye duka la dawa. Alimsindikiza baba mdogo kwenye ile hospitali kubwa, akaona jinsi wanavyofanya. Baba mdogo alipona. Mzee akarudi akawa anahubiri Ngonga nzima kwamba dawa ile inaweza kupatikana. Mimi nikamwomba. Nikampigia magoti, afande, apate kwa ajili ya uvimbe wa mke wangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikuja asubuhi, akaishia getini. Alituma ndizi, akarudi."

"Akaogopa kuingia?"

Gwamaka alikohoa. "Si uoga huo, afande. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na mke huyo jina la baba mkwe hatamki. Mwanamke akikutana na baba mkwe njiani anajifunika, anaacha njia. Tunaita *ukutila*. Wengine siku hizi wameacha. Huko Ngonga kuna nyumba bado wanashika."

"Mkwe anaoza, mzee anatuma ndizi," alisema Prisca. "Heshima kweli. Twende mpakani Kasumulu, tumtafute huyo Wilson."

* * *

Kumpata Wilson hakukuwa kazi. Ofisi ya mpakani hawakuwa na daktari yeyote wa jina hilo, lakini dereva wa kwanza wa bodaboda waliyemuuliza alicheka, akanyoosha kidole.

"Yule pale, mwenye kelele."

Karibu na foleni ya malori alisimama mtu mwembamba mwenye koti jeupe la kidaktari, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka. Mbele yake, juu ya meza, kulikuwa na jiko la umeme la kioo, bapa kama sinia. Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria. Akaitoa sufuria, akaweka kiganja chake juu ya kioo, pembeni kidogo ya pale ilipokaa, akawatabasamia watazamaji.

"Halichomi mtu. Linachoma chuma tu. Amayi, karibu, weka mkono."

"Wewe ni daktari?" aliuliza Prisca, akaonyesha kitambulisho.

Wilson aliondoa kiganja. "Daktari? Mimi? Hili koti la biashara, amayi. Bila koti wanasema jiko litaniua na umeme. Nikivaa koti wanauliza bei."

"Uliingia nyumba ya Mzee Zebedayo, Ngonga, na koti hilo na begi."

"Nilipeleka jiko. Begi ndilo lilikuwa na jiko. Nikamwonyesha, nikanywa maji, nikaondoka. Muulizeni mwenye pikipiki aliyenipeleka, huyu hapa. Hakuzima hata injini."

Yule dereva wa bodaboda akaitikia kwa kichwa.

"Koplo huyu anataka kukufunga," alisema Prisca. "Angalia anavyochezea pingu. Nipe sababu ya kumkatalia. Mzee alikuuliza nini kuhusu jiko?"

Wilson alijikuna shingo. "Aliuliza swali la ajabu. Kama jiko linaweza kupasha chuma kilichofunikwa na nyama."

"Ukajibuje?"

"Nikajua anataka kuuza mishikaki. Nikamwambia ndiyo, nadhani. Kesho yake akanipigia, analalamika jiko linalia pii pii halitaki kufanya kazi. Nikamwambia mzee, hilo jiko bila chombo cha chuma haliwaki. Tafuta hata mfuniko wa chuma, uweke kwanza huo, ligusane nao."

Prisca aliangalia lile jiko. Kisha akaangalia duara la sufuria lililobaki na mvuke juu ya kioo. Lilikuwa duara lile lile la wodini.

"Mishikaki," alisema.

"Ndiyo, amayi. Kwani hakufungua banda?"

Walipofika kwenye gari Gwamaka alikuwa bado ana pingu mkononi. "Tunamwacha? Afande, huyu jamaa—"

"Huyu jamaa kauza jiko. Nikuulize kitu. Asubuhi, Daktari Theophil alipovuta pazia, mimi na wewe tulikuwa tumesimama pale, na muuguzi. Wewe ni mwanaume usiyemjua. Angetile alijifunika?"

"Hapana. Alilala tu."

"Hata uso hakufunika. Mtu mgonjwa, kachoka, ameshafunuliwa na kila mwenye koti. Sasa eti anakuja daktari mgeni kutoka Malawi kumtibu, anajifunika gubigubi mpaka uso, na daktari mwenyewe hamsemeshi, anapitishia maneno kwa mama mkwe. Wewe ndiye mwenyeji wa mambo haya. Mwanamke wa kwenu anajifunika hivyo kwa nani?"

Gwamaka alifungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena.

"Haiwezekani, afande," alisema. "Ziwa? La mke wa mwanawe? Hapana. Hata kulitaja hilo ni laana."

"Ndiyo maana kila mtu kamwamini Wilson. Washa gari."

* * *

Mzee Zebedayo aliwapokea uani, nyuma ya duka lake la dawa. Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi chini ya koti, kucha zimekatwa. Pembeni ya ua kulikuwa na sanduku la mbao lililofunikwa majani ya migomba, linachuruzika taratibu kwenye ndoo. Majimaji mazito, ya kuteleza, rangi ya udongo. Nzi walikuwa wanayatembelea bila haraka.

Prisca alivuta hewa mara moja tu. Ilikuwa wodi ile ile.

"Kakao hiyo," alisema mzee, alipoona anaangalia. "Inachacha kabla ya kuanikwa. Ugonile, kijana. Karibu, mama. Kisa, wageni."

"Shikamoo, mzee," alisema Prisca, maana kazi ni kazi. "Tumetoka Kasumulu kuonana na Wilson."

"Mmemkamata?"

"Anasema alileta jiko."

"Atasema nini kingine? Mwizi akikamatwa anakuwa fundi." Mzee alikaa, akakunja nne. "Alikuja, akaingia ndani na mke wangu, akamchoma mgonjwa, akatoka. Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki."

"Hukuingia?"

"Mimi? Niingie chumba alimo mke wa mwanangu?" Alimgeukia Gwamaka, uso umejaa huruma kwa bosi wake mgeni. "Mweleweshe mama, kijana. Umezaliwa hapa."

Gwamaka alitazama viatu vyake.

Kisa, mke wa mzee, alitoka jikoni na sinia. Mama mnene, mwenye haya, hakumtazama mtu usoni. Alileta wali, samaki wa ziwani wa kukaanga, na ndizi. Chungu cha wali kilikuwa kimefungwa kwa kanga ili kisipoe, kanga ya njano, nzuri, yenye maua. Akawanawisha mikono, akapakua, akakifunga chungu tena.

"Kuleni kwanza," alisema mzee. "Mchele wa hapa haukataliwi."

Gwamaka hakuukataa. Prisca alichukua tonge, akaliweka mdomoni, na alipokuwa anatafuna akaona. Katikati ya kanga, pale ilipokunjwa juu ya mfuniko, kulikuwa na tundu. Si tundu la panya, wala la kaa la moto. Lilikuwa limekatwa kwa mkasi, dogo, duara, na kingo zake zimepindwa kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo ya subira. Mvuke wa wali ulikuwa unapita hapo kama bomba.

Akainuka, akaifungua kanga kwenye chungu, akaitandaza kwenye mwanga. Kuzunguka tundu kulikuwa na alama ya kahawia ya kuungua. Duara safi, kama la bikari.

Wali ulikuwa bado mdomoni. Prisca alikwenda mpaka kwenye mgomba, akautema, akabaki ameinama kidogo. Gwamaka alitazama kanga, akatazama sahani yake ambayo ilikuwa imebakiza nusu, akaiweka chini taratibu sana.

"Mama Kisa," alisema Prisca, bila kugeuka bado. "Huu upindo ni wako?"

Maji ya kakao yalidondokea ndooni, tone, tone.

"Umepinda vizuri. Fundi cherehani mzuri. Mimi nimeona kanga nyingi zimetoboka, sijaona tundu la kukatwa likapindwa. Mtu analipinda tundu kama analihitaji." Sasa aligeuka. "Daktari mgeni hahitaji tundu, mama. Daktari anafunua. Nani huyo aliyetakiwa kupitisha sindano bila kuona?"

"Mwanamke, nyamaza," alisema mzee.

"Nilimwambia," alisema Kisa. Alikuwa anamwambia chungu. "Nilimwambia kama ni lazima, basi asimwone. Nikatundika kanga, nikamshika mtoto wa watu mikono. Nikamwelekeza, hapa, kulia kidogo, hapo. Nikapinda kingo ili zisichanike, kanga ni ya doti, ni ya harusi yake alinipa yeye mwenyewe." Akanyoosha mkono kuelekea kanga. "Kanga nzuri hivi huwezi kutupa."

Mzee Zebedayo alikunjua miguu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamikia majirani.

"Lugano alikuja akapiga magoti. Mbele ya watu. Ngonga yote inajua nimesema dawa naijua, nimeiona kwa macho yangu. Ningemwambia nini mwanangu? Kwamba nina boksi tupu niliokota kwenye pipa la hospitali? Wagonjwa wengine ningewazungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa. Huyu ni wa nyumbani."

"Kwa hiyo ukamkorogea."

"Nilikoroga kwa nia njema."

"Nini?"

Mzee alifukuza nzi kwenye sinia. Prisca alitoa simu, akampigia Daktari Theophil, akaweka sauti kubwa, akaishika mbele ya mdomo wa mzee.

"Mzee, kuna mwanamke anakufa kwa sababu daktari wake hajui ulichoweka. Ukisema sasa anaweza kuishi. Usiposema, mimi nitabeba ndoo hii nitamwambia Lugano imetoka wapi, hapo hapo kitandani. Chagua."

Mzee alilamba midomo. "Vumbi la chuma. La pale wanaposaga mageti."

"Limekorogewa nini?" ilisema simu.

"Uji wa unga wa mchele. Na maji ya kakao, yale ya kuteleza, ndiyo yanafanya ishikane. Nilijaribu kwanza kwenye glasi, iliganda vizuri."

"Maji ya kakao. Yaliyochacha?"

"Ndiyo, daktari. Lakini mchele ulikuwa safi. Wetu wa hapa."

Kwenye simu ulisikika mlio wa vyombo vya chuma.

"Inspekta," alisema Theophil, polepole. "Namwandaa sasa hivi. Mlete huyo mtu. Nataka kujua sindano ilikuwa ndefu kiasi gani na aliichoma mara ngapi. Kule ndani nitakuwa natafuta mchanga kwenye nyama."

Gwamaka ndiye aliyemfunga pingu. Aliifanya kazi hiyo kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu chooni.

"Kijana, wewe ni wa kwetu," alisema mzee. "Wewe unaelewa. Mimi mila sikuivunja. Sikumwona hata kidogo."

"Ndaga, mzee," alishukuru Gwamaka kikavu. "Panda gari."

Prisca alikuwa anaikunja kanga kwenye mfuko wa ushahidi. "Uliogopa kuliona ziwa lake," alisema. "Hukuogopa kuliozesha."

* * *

Walimkuta Angetile kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari Theophil alikuwa ameshavaa kofia na glavu. Lugano alisimama miguuni kwa mkewe. Alimwona baba yake, akaona pingu, akaona mfuko wa plastiki wenye kanga ya njano. Hakuna aliyemweleza kitu. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili na kukiacha hakukiacha.

Mzee alikuwa ameingia korido kinyumenyume, kisha akasimama ameelekea ukuta, pua karibu iguse rangi.

"Sindano ndefu kiasi gani?" aliuliza daktari.

"Ile ya ng'ombe," mzee aliuambia ukuta.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Ya kwanza iligonga mfupa."

Muuguzi mmoja aliondoka akiwa ameziba mdomo.

Angetile alikuwa amefumba macho. Sauti ile ilipomfikia, mkono wake ulisogea wenyewe, ukashika ncha ya shuka, ukaivuta juu ya kidevu, juu ya mdomo, mpaka puani. Prisca aliuona mkono ukifika hapo ukasimama.

"Dada Angetile, sihitaji useme kitu," alisema. "Mama mkwe ameshaeleza. Ushahidi ninao."

"Uliniuliza nani," alisema Angetile ndani ya shuka.

"Niliuliza. Tumeshajua."

"Ninaweza nisitoke humo ndani, dada."

Daktari hakumpinga. Angetile akaishusha shuka. Kidevu, shingo, mpaka kwenye bandeji. Akajiinua kwa kiwiko, kwa shida, jasho linamtoka, na akamtazama mtu aliyesimama ukutani. Si kwa pembeni. Alimtazama kama mtu anavyotazama kitu sokoni ambacho hatakinunua.

"Ni Zebedayo," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, ili korido nzima isikie. "Zebedayo ndiye aliyenichoma. Nilimjua kwa kikohozi chake, nikanyamaza. Zebedayo, nimekuona."

Gwamaka, aliyezaliwa hapo, aligeuka akatazama dirisha.

Mzee alijikunyata. Mikono ya pingu ilihangaika na kola ya koti lake mpaka akalivuta likapanda, likamfunika kichwa chote, akabaki amesimama hivyo, koti lenye miguu. Kitanda kilianza kusogea. Kilipita nyuma yake karibu kabisa, gurudumu moja linalia, na harufu ile ikapita nacho. Angetile hakuondoa macho kwake mpaka mlango ulipojifunga.



"Ameshapita?" aliuliza mzee, kutoka ndani ya koti.